Samaki wanakufa bwawani: tutazame maji kwanza



Mwanzo wa mvua, memba mmoja wa upande wa Kiliba alituita. Tilapia wake walikuwa wanakufa, watatu leo, watano kesho, na hao samaki ndio walikuwa minervali ya watoto. Tulifika saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, samaki wanaogelea vizuri. Tulipasua mmoja aliyekufa, tukaandika “ugonjwa”, tukarudi Uvira. Tulikosea.

Kisha siku mbili akapiga simu tena. Sasa alikuwa amekamata bidoni ya dawa ya tomate. Jirani alimwambia inaua vidudu vya samaki. Tukamwambia: baba, weka hiyo dawa chini, leo tutalala kwako.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kwenye ukingo. Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta pumzi. Waliokufa walikuwa wale wakubwa. Jua lilipopanda, saa mbili, waliobaki wakashuka chini kama hakuna neno. Ugonjwa haufuati saa namna hiyo. Hewa ilikuwa imepungua ndani ya maji.

Juu ya nini alfajiri? Ule ukijani wa maji ni vijimea vidogo sana. Mchana, kwa nguvu ya jua, vinatoa hewa ambayo samaki anapumua. Usiku havitoi tena: navyo vinapumua, samaki anapumua, na samadi inayooza inakula hewa hiyohiyo. Kufika alfajiri, karibu yote imekwisha. Siku za mawingu ni mbaya zaidi, maana hata mchana hewa inayotengenezwa ni kidogo. Na huyu baba alikuwa amemwaga samadi ya mbuzi mingi katika siku hizo za mawingu, akitaka samaki wanone mbio.

Mkono wako unatosha kupima. Ingiza mkono umenyooka ndani ya maji mpaka kiwiko. Vidole vikianza kupotea hapo maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea ni ya kiasi. Vikipotea mapema, maji yakiwa bado katikati ya mkono, umezidisha. Maji yakiwa na matope ya mvua, kipimo hiki kinadanganya.

Ukikuta samaki wanapiga midomo juu, simamisha samadi, pumba na majani siku chache. Fungulia maji mapya, yaanguke toka juu kwenye jiwe, yapasuke, yachukue hewa. Kama zamu yako ya mfereji haijafika (tunajua vita vya mfereji kwetu Ruzizi), vijana wachote maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo na kuyamwaga toka juu mpaka jua litoke. Kisha vua wakubwa, uuze, wengine wapate nafasi.

Kama wamekufa wote kwa mara moja, wadogo kwa wakubwa, pamoja na vyura na wadudu wa maji, hiyo ni sumu. Uliza nani amepulizia dawa mpunga au tomate huko juu. Funga mlango wa maji. Hao samaki musile, musiuze, muwafukie mbali na kisima. Ile bidoni ingeleta jambo hilohilo.

Ugonjwa wenyewe unakwenda polepole. Samaki anajitenga pembeni, hali, anajisugua, ana vidonda, au ana kitu cheupe kama pamba mwilini. Hiyo pamba mara nyingi inaingia palipochubuliwa na wavu. Kwa samaki wachache, tia gramu 100 za chumvi katika ndoo ya maji ya bwawa ya litri 10, uwaache humo dakika 10, ukiwatazama. Akigeuka tumbo juu, mtoe palepale.

Mukituita, mutuambie saa wanayokufa, ni wakubwa ao wadogo, na nini kilimwagwa bwawani juma lile. Hayo matatu yangetuokolea safari ya kwanza ya Kiliba.

Yule baba alisimamisha samadi, akaomba zamu ya maji mara mbili kwa juma. Vifo viliisha siku ya tatu. Wakubwa aliwauza soko la Uvira, na bidoni ikarudi kwenye tomate.