Kutenga Saraka na Jina la Faili katika Lugha ya C: Somo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa mofolojia akipewa neno "anayewapikia" hulichanganua kwa utaratibu: a-na-ye-wa-pik-i-a. Anajua kwamba kisu kikipita pasipo mpaka, viambishi huvurugika na maana hupotea. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa uangalifu uo huo unahitajika kwa mtafiti anayeandika programu katika lugha ya C ili kupanga matini zake, hususan anapotaka kujua faili fulani imewekwa katika saraka gani.

Huenda msomaji akauliza suala hili linamhusu vipi mwanafasihi. Ngano, methali na nyimbo zinazokusanywa nyanjani aghalabu huhifadhiwa katika tarakilishi. Programu fupi inaweza kusafisha mamia ya faili na kuweka kila nakala safi kando ya faili yake ya asili. Hata hivyo, programu hiyo ikikosea saraka, inaweza kuandika juu ya faili nyingine na kuifuta. Matini ikipotea hivyo, msimulizi wake huenda hayupo tena kuisimulia upya.

Sehemu za njia

Tuchukue mfano huu:

/home/utafiti/ngano/sungura.txt

Mfuatano huu mzima huitwa njia ya faili. Alama inayozitenga sehemu zake ni mkwaju, alama ile ile tuitumiayo katika uakifishaji kuonyesha "ama" au "au". Kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho ni jina la faili, na kilichotangulia ni saraka. Kwa hivyo, saraka hapa ni /home/utafiti/ngano.

Katika C, mfuatano wa herufi ni safu ya baiti inayokomeshwa na baiti yenye thamani ya sifuri. Kuutafuta mkwaju wa mwisho ni kazi ya fanksheni strrchr:

char *mkwaju = strrchr(njia, '/');

Fanksheni hii hurejesha kielekezi cha mahali mkwaju ulipo. Usipokuwepo, hurejesha NULL. Mtu anaweza kudhani kwamba sasa imebaki kukata tu. La hasha!

Mipaka inayopotosha

Kuna hali tatu zinazostahili kuzingatiwa.

Kwanza, njia inaweza kukosa mkwaju, mathalani sungura.txt. Faili hiyo imo katika saraka ambamo programu inafanyia kazi wakati huo, nayo huwakilishwa kwa kitone kimoja. Mwandishi wa programu akirejesha mfuatano mtupu badala ya kitone, kisha akaunganisha mkwaju na jina jipya, atapata /safi.txt. Faili iliyokusudiwa kukaa karibu itapelekwa kwenye saraka kuu ya mfumo mzima.

Pili, mkwaju wa mwisho unaweza kuwa ndio wa kwanza pia, kama katika /sungura.txt. Ukikata kabla yake, hakuna kinachosalia. Jawabu sahihi ni mkwaju wenyewe, kwa kuwa ndio jina la saraka kuu.

Tatu, njia inaweza kuishia kwa mkwaju: /home/utafiti/ngano/. Anayetumia strrchr pekee ataambiwa kuwa saraka ni /home/utafiti/ngano. Kwa mujibu wa kiwango cha POSIX, mkwaju wa mwishoni hauhesabiwi. "Ngano" ndilo jina, na saraka iliyolibeba ni /home/utafiti.

Fanksheni dirname na hatari yake

Kiwango cha POSIX kimetoa fanksheni dirname, inayotangazwa katika libgen.h, ambayo huzishughulikia hali zote tatu. Lakini ina sharti ambalo wengi hulipuuza: inaruhusiwa kuubadilisha mfuatano iliopewa. Katika mifumo mingi ya Linux, huweka sifuri mahali pa mkwaju. Ukiisoma njia yako baada ya hapo, utaiona ikiishia kwenye "ngano", na programu itakayojaribu kuifungua faili kwa njia hiyo itakutana na saraka. Aidha, ukiipa dirname matini iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya alama za mtajo katika msimbo, programu inaweza kusimama ghafla, maana matini ya namna hiyo hairuhusiwi kubadilishwa.

Mhakiki wa miswada ya kale anaielewa kanuni inayohitajika hapa. Hafanyi masahihisho juu ya mswada wa asili. Huandaa nakala, akaifanyia kazi hiyo. Nasi tufanye vivyo hivyo:

char *nakala = strdup(njia);
if (nakala == NULL) return NULL;
char *saraka = strdup(dirname(nakala));
free(nakala);
return saraka;

Tanbihi: strdup imetumika mara mbili kwa makusudi. Nakala ya kwanza inailinda njia ya asili. Ya pili inalilinda jawabu, kwa sababu kinachorejeshwa na dirname kinaweza kuwa kipande cha ile nakala tunayoiachilia, au kikawa mahali ambapo mwito mwingine wa dirname utapafuta. Anayeipokea saraka achunguze kwanza kama si NULL, na akumbuke kuiachilia kwa free amalizapo kuitumia.

Majina yasiyo ya Kilatini

Je, faili ya utenzi iliyopewa jina kwa hati ya Kiarabu itakatwa vibaya? Ikiwa jina limesimbwa kwa UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992, hakuna hofu. Katika UTF-8, baiti ya mkwaju, yenye thamani ya 47, haitokei kamwe ndani ya herufi nyingine. Tahadhari inahitajika katika Windows, ambako mkwaju ulioinamia nyuma hutumika pia kutenga saraka. Hapo programu haina budi kuitambua mikwaju yote miwili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuitenga saraka ni suala la kuutambua mpaka, kuzijua hali zisizo za kawaida, na kuihifadhi asili kabla ya kuikata. Yote hayo yameelezeka kwa Kiswahili, kwa istilahi ambazo nyingi tunazo tayari darasani. Kabla ya kuielekeza programu yako kwenye matini za utafiti, ijaribu kwa njia hizi nne: sungura.txt, /sungura.txt, ngano/ na ngano/sungura.txt. Majawabu yake yawe, kwa mpangilio huo, kitone, mkwaju, kitone na ngano. Yakitofautiana na haya, usiiruhusu iandike faili hata moja.