Kiti cha Mbele Kati ya Port of Spain na Georgetown: Mafunzo Niliyopata

Vijana ambao kazi inawapeleka Karibiani huniuliza swali moja ambalo wazee wenzangu hawaniulizi: kule visiwani, kwenye ndege ya saa moja, kuna haja ya kukata tiketi ya daraja la biashara? Njia ya Port of Spain, Trinidad, hadi Georgetown, Guyana, nimeipita nikiwa mbele na nikiwa nyuma, nikilipiwa na nikijilipia, kwa shughuli za vyuo na nyaraka. Nawe unayesoma haya sina shaka utafika huko, kama si kwa sheria basi kwa mafuta, na kama si kwa mafuta basi kwa utafiti. Nakuandikia niliyoyaona, hasa yale ambayo hakuna aliyeniambia mapema.

1. Uliza ndege kabla hujauliza kiti

Mara ya kwanza nilipokwenda Tobago, kisiwa jirani cha Trinidad, sehemu kubwa ya tiketi yangu ilikuwa ya daraja la biashara. Nilipofika langoni pale Piarco, kiwanja cha Port of Spain, nikaona kinachotusubiri ni ndege ya pangaboi, ATR 72. Ndani viti ni viwili huku na viwili huku, kutoka mbele hadi mkiani, hakuna pazia wala safu ya wakubwa. Karibu yangu alikaa fundi aliyepakata boksi la vifaa vyake, na nyuma yetu watoto wa shule.

Caribbean Airlines, shirika lenye makao yake Trinidad, linatumia ndege za namna mbili. Boeing 737 zina daraja la biashara, ATR hazina. Tobago ni mwendo wa dakika ishirini na kitu, na serikali inachangia nauli kwa sababu kwa watu wa Trinidad na Tobago ndege ile ni usafiri wa kila siku wa kwenda hospitali, mahakamani na kazini. LIAT nayo, iliyoanza mwaka 1956 na kuanguka mwaka 2020, iliunganisha visiwa vidogo kwa pangaboi za daraja moja miaka nenda rudi, na mawaziri wakuu walipanda humohumo pamoja na wachuuzi. Nilipoyaelewa hayo niliacha kuliona daraja moja kuwa ni upungufu. Visiwa hivi vimeishi hivyo.

Kwa hiyo unapokata tiketi, tafuta ule mstari mdogo unaotaja aina ya ndege. Njia kama ya Barbados inaweza kupewa 737 leo na ATR kesho.

2. Unachokinunua kiko ardhini

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na ndilo ningependa ulishike.

Kutoka Piarco hadi Timehri, kilipo kiwanja cha Cheddi Jagan cha Guyana, ni karibu kilomita 570. Inazidi Nairobi hadi Mombasa, haifiki Dar es Salaam hadi Nairobi. Ukitoa muda wa kupaa na muda wa kushuka, ambapo mikanda imefungwa na wahudumu nao wameketi, unabaki na kitambo cha kunywa kinywaji na kusoma kurasa chache. Kiti cha mbele ni kipana zaidi, safu ina watu wanne badala ya sita, na magoti yanapata nafasi. Lakini hakilali kikawa kitanda, na hata kingelala, usingizi ungekukuta tayari mnatua. Anayelipa kwa ajili ya anga peke yake amelipa sana.

Sasa njoo tusimame Piarco alfajiri, siku chache kabla ya Krismasi. Waguyana wanaofanya kazi Trinidad wanarudi kwao. Wamebeba televisheni, sufuria, vitambaa vya mapazia, kwa maana kwao nyumba hubadilishiwa mapazia Krismasi ifikapo, na maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi na kuandikwa majina kwa kalamu nene. Foleni imejaa ukumbi. Kwenye mizani watu wamefungua mabegi sakafuni, wanahamisha nguo kutoka begi la huyu kwenda begi la yule ili kilo zitoshe. Mimi nilikuwa na vitabu vya maktaba moja, mzigo mzito usiogawanyika, na tiketi yangu iliniruhusu masanduku mawili ya kilo 32 kila moja. Mbele ya kaunta yangu walikuwa watu wawili tu. Pale nikajua fedha zilikokwenda.

Upande wa kushukia faida ni kubwa zaidi, ingawa haionekani kwenye tangazo lolote. Ndege ya kutoka Marekani au Panama ikitua kabla yenu, ukumbi wa uhamiaji unajaa, na kila abiria anayekutangulia mlangoni anakuongezea dakika. Tena mji wenyewe haupo pale. Georgetown iko kiasi cha kilomita 40 kaskazini, na barabara inayofuata ukingo wa mashariki wa mto Demerara ina foleni inayofahamika kwa kila dereva wa teksi. Ukitoka Timehri mapema, unafika mjini kabla magari ya kazini hayajaziba njia. Ukichelewa nusu saa kwa afisa wa uhamiaji, utailipa nusu saa ile mara mbili barabarani. Siku nilipokuwa na kikao cha saa tatu asubuhi, kiti cha safu ya pili ndicho kilichonifikisha kikaoni.

Kabla ya kulipa, hesabu mizigo yako, hesabu saa ya kikao chako, na uangalie ndege nyingine zinazotua saa hiyo. Majibu yakupe uamuzi.

3. Shiba kabla ya kupanda

Kinywaji kitakuja kwenye glasi, na kitafunwa kidogo kwenye sahani. Hicho ndicho muda unachoruhusu, wala si uchoyo wa mtu. Wewe kula Trinidad. Nje ya viwanja na kwenye kona za mitaa asubuhi wanauza doubles: vipande viwili vya mkate laini uliokaangwa, katikati mchuzi wa dengu, juu pilipili na ukwaju. Ni chakula kilichotokana na Wahindi waliopelekwa kule kwa mikataba ya kazi kuanzia mwaka 1845, ili kuziba pengo mashambani baada ya utumwa kukomeshwa. Kinaliwa kwa mkono, umesimama, na jaji na kuli wote husimama hivyohivyo.

4. Zungumza na uliyekaa naye

Kule mbele una jirani mmoja tu, na safari ni fupi kiasi kwamba maongezi hayachoshi. Nimewahi kukaa na wahandisi wa Trinidad, nchi iliyochimba mafuta zaidi ya karne moja, wakielekea Guyana, ambako mafuta yaligunduliwa baharini mwaka 2015 na kuanza kutoka Desemba 2019. Tangu hapo viti vile vimebadilika sura. Nimekaa na wanasheria waliotoka kwenye Mahakama ya Haki ya Karibiani, iliyozinduliwa Port of Spain mwaka 2005, ambayo kwa Guyana na Barbados ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa. Kwa saa moja ya kuwasikiliza nilielewa jumuiya ya CARICOM kuliko nilivyoielewa kwenye taarifa zake.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa makamo ya mama yangu, mtu wa Berbice huko Guyana, aliyelipiwa kiti na wanawe kwa sababu ya miguu yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini natoka wapi. Nilipotaja Dar es Salaam aliweka glasi chini, akanishika mkono, akasema kwamba huko ndiko alikokuwa Walter.

Alimaanisha Walter Rodney, mzaliwa wa Georgetown, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya sitini, kisha tena kuanzia mwaka 1969 hadi 1974. Kitabu chake kikubwa, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilitoka mwaka 1972 kikiwa na chapa ya London na ya Tanzania Publishing House. Akarudi kwao, akaingia kwenye siasa, na tarehe 13 Juni 1980 akauawa Georgetown kwa bomu lililolipuka ndani ya gari. Mama yule aliniambia siku ya mazishi alitembea na umati mpaka viatu vikamshinda. Nami nikamsimulia kuhusu Mlimani, madarasa yaliyofurika, wanafunzi waliokaa madirishani, kama nilivyosimuliwa na walionitangulia. Aliyasikiliza kama habari za mtoto wake.

Nilikuwa nimepanga kumalizia ripoti. Niliifunga kompyuta na sikuifungua tena hadi siku ya pili. Ukiwa Mswahili katika anga ile, jina la mji wako linaweza kumfungua mtu ambaye vyeo vyako vyote visingemfungua. Usilifunike kwa vipokea sauti masikioni.

5. Ukienda, kaa kulia

Nilitarajia bahari ya bluu. Niliona maji ya rangi ya chai ya maziwa, mwendo wote.

Mto Orinoco unamwaga mchanga na tope lake kusini mwa Trinidad, na ndege inayoelekea kusini-mashariki inaliacha delta lile upande wa kulia. Mbele zaidi unakuja mdomo wa mto Essequibo, mpana mno kiasi kwamba ndani yake kuna visiwa vyenye mashamba na vijiji. Kisha pwani ya Guyana, bapa kabisa, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa maji yanapojaa, ikilindwa na ukuta wa bahari na mifereji iliyoanzwa na Waholanzi na kuchimbwa kwa mikono ya Waafrika watumwa. Kutoka juu mashamba yanaonekana membamba na marefu, yamepangwa moja kando ya jingine mpaka msituni. Rodney aliandika historia ya wafanyakazi wa pwani hii, na mimi sikuelewa uzito wa tope lile kwenye maisha yao mpaka nilipoliona kwa macho. Dirisha hilo lipo pia kwenye safu za nyuma, kwa bei ya kawaida. Ukirudi, hamia kushoto.

6. Usitazame bei moja, tazama masharti

Nauli za visiwani huwashangaza wageni kwa ukali wake, na sehemu kubwa ya sababu ni kodi na tozo, ambazo hazipungui kwa kuwa safari ni fupi. Barbados, kwa mfano, mwaka 2018 iliweka tozo ya dola 35 za Marekani kwa abiria wa ndani ya CARICOM na dola 70 kwa wanaokwenda mbali. Tozo za namna hiyo zikishajaa kwenye tiketi ya dakika hamsini, daraja la kawaida halibaki rahisi, na pengo kati yake na la biashara linaweza kuwa dogo kuliko unavyodhani. Linganisha jumla na jumla, usilinganishe nauli tupu.

Kuna pia njia ya mnada: una tiketi ya kawaida, shirika linakualika utaje kiasi unachoweza kuongeza ili uhamishiwe mbele. Siku za katikati ya wiki, nje ya Krismasi na Kanivali, kiasi kidogo kimewahi kunitosha.

Na usome masharti ya kubadilisha. Jioni moja ndege yangu ya kuvuka Atlantiki ilichelewa, nikafika Piarco ile ya Georgetown imeshaondoka. Tiketi yangu iliruhusu kubadilishwa, dada wa kaunta akaniweka kwenye ndege ya asubuhi bila malipo. Kijana aliyesimama kando yangu alikuwa na tiketi ya bei ya chini kabisa, isiyobadilika. Ilimbidi anunue nyingine, na jumla ya alicholipa ilipita yangu.

Nikijilipia mwenyewe leo, Tobago haina swali. Barbados nakaa nyuma. Kingston, ambako ni zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Port of Spain na ndege hukaa angani kwa muda wa kutosha mtu kula na kulala, nalipa bila kusita. Georgetown nalipa nikiwa na vitabu, au kikao cha siku hiyohiyo. Nisipokuwa na kimojawapo, tofauti ile naipeleka kwenye maduka ya vitabu ya Georgetown, kisha safari ya kurudi ndipo ninapohitaji zile kilo 32.