Wazee wa Blaxhall na Habari za Utoto Wao

Katika mwaka 1948 Bwana George Ewart Evans, mzaliwa wa Wales, alihamia Blaxhall, kijiji cha jimbo la Suffolk huko Uingereza, kwa kuwa mkewe alipewa kazi ya kufundisha katika shule ya hapo. Jirani zake walikuwa wazee waliozaliwa katika karne ya 19. Aliketi nao, akawauliza, akaandika.

Walimsimulia jinsi nafaka ilivyovunwa kwa mkono, na jinsi watoto walivyookota mawe mashambani kwa ujira mdogo. Baada ya mavuno, watoto na mama zao waliokota masazo, kama Ruthu wa Biblia. Desturi ya pande zile ilikuwa kuacha mganda mmoja umesimama shambani, nao uliitwa “polisi”: maadamu upo, hapana ruhusa kuingia. Ulipoondolewa, wote waliingia. Wala haukuwa mchezo, maana masuke hayo ndiyo yaliyokuwa unga wa nyumba nyingi za maskini wakati wa baridi.

Je, mzee hasahau? Husahau, hasa miaka. Lakini mwulize habari za kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na zana aliyoishika. Hapo hakosei upesi. Bwana Evans aliuliza hayo hasa, na kwa maoni yangu alitenda vyema. Wakati ule trekta lilikuwa likiwaondoa farasi mashambani, na ujuzi wa watunza farasi haukuwa na mrithi. Kitabu chake juu ya Blaxhall kilitoka mwaka 1956. Angalichelewa miaka ishirini, asingaliwakuta wengi wa kuwauliza.