Kompyuta ya Nyumbani Nayo Huhitaji Matunzo

Baadhi ya huduma za Halmashauri, yakiwemo maombi ya leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, hupatikana mtandaoni. Mwananchi anayetumia kompyuta yenye virusi huhatarisha nywila na nyaraka zake.

Windows 10 na 11 zina utaratibu wa kujihudumia: kusasisha programu, kukagua usalama na kuchunguza hitilafu. Utaratibu huo umepangwa kuanza kila siku saa 8:00 usiku, ambayo kompyuta huionesha kuwa 2:00 AM. Kompyuta ikizimwa kabla ya kulala, saa hiyo hupita bure na kazi hubaki kiporo.

Fuata hatua hizi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows, andika “Automatic Maintenance”, kisha fungua mipangilio inayojitokeza.
2. Chagua saa ambayo kompyuta huwa imewashwa lakini haitumiki. Kwa mfano, kwa saa 2:00 usiku, wakati wa chakula, chagua 8:00 PM.
3. Bonyeza “OK”.

Saa hiyo ikifika, kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na intaneti.

Wenye Windows 10 wazingatie kuwa Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba, 2025. Inashauriwa kuhamia Windows 11 iwapo kompyuta inaruhusu.

Aidha, utaratibu huu hautunzi nakala za nyaraka zako. Leseni, stakabadhi na vyeti vinakiliwe pia kwenye flashi na kuhifadhiwa mahali salama.