Kuwezeshwa, Kujitegemea, Kutegemeana: Kutafsiri Lugha ya Miradi ya Wanawake Wahamiaji

Katika tafsiri, sentensi fupi ndizo zinazochosha. Tuchukue hii, ya aina inayopatikana katika karatasi nyingi za mashirika ya Kanada: « leadership communautaire et autonomisation économique des femmes immigrantes racisées ». Maneno tisa tu. Mwanafunzi wa Bukavu ataiandika kwa dakika mbili: « uongozi wa jamii na uwezeshaji wa kiuchumi wa wanawake wahamiaji wanaobaguliwa ». Itasomeka bila shida. Lakini mama aliyetoka Kadutu akafika Montréal atakuwa amenyang'anywa kitu ndani ya tafsiri hiyo, na tuliomnyang'anya ni sisi watafsiri.

Tuanze na neno la mwisho, racisées. Mwanamke anayeuza sambaza katika soko la Kadutu hana rangi. Ana jina, ana kabila, ana mtaa, ana kanisa, ana deni. Weusi wake hauulizwi na mtu. Akishuka kwenye ndege Montréal, ule weusi unatangulia jina lake. Hakubadilika yeye, yamebadilika macho yanayomtazama. Hilo ndilo Colette Guillaumin alilolieleza katika L'idéologie raciste, kitabu cha mwaka 1972: mbari si kitu ambacho watu huzaliwa nacho, ni alama ambayo wenye nguvu huwabandika wengine. Sheria ya Kanada ya mwaka 1986 kuhusu usawa katika ajira ilitumia maneno « minorités visibles », kana kwamba kuonekana ni sifa ya anayeonekana na si kazi ya anayeangalia. Neno racisé linarekebisha kosa hilo kwa sarufi tu, kwa kuwa ni umbo la kutendwa: kuna aliyetenda. Kwa hiyo « wanaobaguliwa » halitoshi. Kubaguliwa ni tokeo. Kupewa rangi hutangulia, na mtu anaweza kupewa rangi hata na jirani mwema asiyembagua. Mimi ninapendekeza « wanaohesabiwa kwa rangi yao ». Ni refu, lakini linahifadhi kauli ya kutendwa. Tena lisichanganywe na uhamiaji: katika sensa ya Kanada ya 2021 wahamiaji walikuwa asilimia 23 ya wakaaji, na wale wanaohesabiwa kwa rangi asilimia 26.5. Baadhi ya watu wa kundi la pili wamezaliwa hukohuko.

Hapa sarufi imetusaidia. Katika autonomisation inatugeuka.

Neno lililozoeleka ni uwezeshaji. Tanzania imelipa hadhi ya serikali: sheria ya mwaka 2004 iliunda Baraza la Taifa la Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, na kutoka huko neno limevuka ziwa Tanganyika hadi katika semina zetu. Tulipasue: -weza, -wezesha, uwezeshaji. Ni kauli ya kutendesha, na kutendesha kunahitaji watu wawili: anayewezesha na anayewezeshwa. Huwezi kusema neno hili bila kumweka mama upande wa pili. Kumbe asili ya Kigiriki ya neno la Kifaransa inasema kinyume kabisa: autos, mwenyewe, nomos, sheria. Ni mtu anayejiwekea sheria.

Sitaki kulitupa neno uwezeshaji lote. Kuna mahali linasema kweli. Kanuni ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi ya mikono yake, kwa mfano kutia sahihi mkataba wa kazi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyageuza hayo. Hapo kweli kulikuwa na aliyezuia na akatakiwa kufungua njia. Serikali iliwezesha kwa sababu ilikuwa imemlemaza mtu. Lakini anayefundisha mama kuweka akiba hawezi kudai hivyo, maana mama huyo alikuwa akiweka akiba tangu zamani.

Tuangalie likelemba, ambayo wengi wetu hapa hutamka likirimba. Tuseme ni wamama kumi, kila mmoja dola 5 kwa wiki. Kila wiki dola 50 zinaingia mkono mmoja, na baada ya wiki kumi kila mtu ameshapokea. Hakuna riba, hakuna karatasi. Dhamana ni kujulikana. Mwenye mtoto mgonjwa anaweza kuombewa zamu ya mbele. Mutuelles de solidarité za Kivu, zile MUSO, zimeongeza mpango: kasha la kijani kwa akiba na mikopo, kasha jekundu kwa misiba na magonjwa, kasha la buluu kwa fedha inayotoka nje. Katika AVEC kasha moja lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na benki zikafunga milango, swali la nani anashika fedha ya nani si la darasani tena.

Sasa tutafute neno la kazi hiyo. Kujitegemea? Lina historia nzito ya Azimio la Arusha la 1967, na kiambishi -ji- kinamrudishia mtendaji nafasi yake. Lakini katika likelemba hakuna anayejitegemea. Akikosa mmoja, kumi wanaumia. Kitenzi chake ni cha kauli ya kutendana: wanategemeana, wanakopeshana, wanaaminiana, na mambo yakiharibika wanadaiana hadi mlangoni. Kifaransa cha miradi hakina umbo jepesi la jambo hili. Sisi tunalo katika silabi moja.

Huko Kanada nako wapo. Mtafiti Caroline Shenaaz Hossein ameandika kwa miaka mingi juu ya wanawake Weusi wa Toronto wanaoendesha vikundi vya namna hii: susu ya watu wa Karibi, hagbad na ayuuto za Wasomali, equub ya Waethiopia. Anawaita Banker Ladies. Ameonyesha pia kwamba wengi huficha vikundi vyao, kwa hofu ya kudhaniwa wanafanya biashara haramu ya fedha. Kwa hiyo uongozi upo, ila hauonekani, wakati rangi ya anayeongoza inaonekana hata asipotaka.

Na leadership je? « Uongozi » ni tafsiri sahihi, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tuseme mmoja wetu ni mkalimani, na mbele yake yuko mama aliyeshika kasha la MUSO kule Panzi kwa miaka kumi na miwili. Fomu ya mradi inauliza: « Expérience de leadership ? » Mkalimani anauliza, « Mama, ulishawahi kuwa na uongozi? » Kwa mama, uongozi ni chifu, ni burgomasta, ni watu wa chama. Anajibu, « Hapana, mwanangu. » Mkalimani anaandika néant, na mama anapangwa darasa la kwanza, kufundishwa kutunza fedha.

Kila neno lilitafsiriwa sawasawa. Swali lililopaswa kuulizwa ni jingine: « Mama, kwenu nani alikuwa anashika kasha? »

Basi tafsiri yangu, mpaka wenzangu waisahihishe: « kuongoza katika jamii na kutegemeana kiuchumi kwa wanawake wahamiaji wanaohesabiwa kwa rangi yao ». Najua afisa wa mradi atalalamika kwamba « kutegemeana » haimo katika maandishi ya Kifaransa. Ni kweli, haimo. Mhadhiri atakayenikata alama kwa hilo ninamwomba aniandikie pembeni neno analoliweka mahali pake, na aseme mtendaji wa neno hilo ni nani.