Pumzisha Malisho Mvua Zinapoanza
Kijitabu kwa wafugaji wa Mkonze, Dodoma

Ng'ombe wanapokonda mwezi wa Oktoba, tunalilaumu jua. Mara nyingi madhara yalianza Desemba, majani yalipokuwa mabichi.

Wiki za kwanza za mvua

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wastani ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na Februari mvua hukatika mara kwa mara. Miezi inayobaki ni mikavu.

Nyasi za kudumu zinapochipua huishi kwa akiba iliyo mizizini. Zikiliwa wakati huo, hutumia akiba iliyosalia ili zichipue tena. Kundi likirudi baada ya wiki moja, mizizi hufa. Pale huota magugu yasiyolika, au ardhi hubaki uchi na mvua ya Januari huusomba udongo hadi korongoni.

Kwa hiyo, hata eneo lako likiwa dogo, ligawe vipande viwili au vitatu. Kimoja kizungushie miiba mvua zinapoanza, na usikiguse mpaka nyasi zikomae na kumwaga mbegu, utakichunga kiangazi. Mwaka unaofuata zamu iwe ya kipande kingine. Penye mifugo, ihamishe nyasi zikifika nusu ya kimo chake. Wasukuma wa Shinyanga huhifadhi malisho hivi na kuyaita ngitili. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliifufua desturi hiyo.

Mchungaji ajue mipaka. Mara nyingi ni kijana, naye hupeleka kundi kwenye kijani kibichi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Malisho ya pamoja yajadiliwe kwenye mkutano wa mtaa kabla mvua hazijafika.

Yaliyotokea Kondoa

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,256. Mifugo kama 90,000 iliondolewa. Nyasi na miti vilirudi, hata pale ambapo wengi walikuwa wamekata tamaa. Lakini kaya zilikosa maziwa na samadi, na walikohamishia mifugo mzigo uliongezeka. Mwaka 1986 amri kama hiyo ilifika Mvumi, jirani zetu. Kondoa waliruhusiwa kufuga tena mwaka 1989, kwa sharti la kulishia zizini.

Tunalisema hili kwa uzito: ardhi yetu inaweza kupona, ila kuiponya kwa amri ni ghali. Aliyefunga kipande kwa hiari hubaki na ng'ombe wake.

Akiba ya kiangazi

Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 hivi za chakula kikavu kwa siku. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba ni zaidi ya kilo 700. Ukitaka nusu itoke ghalani, kila ng'ombe awekewe marobota 18 ya kilo 20. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, zianike huku ukizigeuza, kisha zishindilie ndani ya sanduku la mbao lisilo na kitako na kuzifunga kamba. Zihifadhi kivulini, juu ya vichanja, mchwa wasizifikie.

Mabua ya mtama na uwele yakusanye mara baada ya mavuno. Tahadhari: machipukizi ya mtama yanayoota kwenye visiki baada ya kuvuna yana sumu inayoweza kuua ng'ombe ndani ya saa chache. Mashudu ya alizeti wape kwanza ng'ombe wanaonyonyesha na ndama. Mbuzi waokotee maganda ya mkungugu.

Idadi ya mifugo

Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 2018, na viwanja vimeendelea kupimwa palipokuwa machungio. Kundi la enzi za babu halitatosha hapa. Hesabu mifugo mwezi wa Mei, hesabu na marobota. Wanaozidi akiba, hasa madume na majike wazee wasiozaa, wauze Juni wakiwa wamenona. Oktoba mnunuzi atapanga bei kwa mbavu zinazoonekana. Ofisa mifugo wa kata atakusaidia kupiga hesabu hiyo.