Somo: Kuomba Kiti katika Kamati ya Zahanati



Mkulima wa skimu ajua kuchunga mali yake. Apelekapo maziwa kwenye ushirika, husimama karibu na mizani, humtazama karani akiandika, wala haondoki bila stakabadhi. Lakini zahanati, iliyo mali yetu sote, mara nyingi huachwa bila mchungaji. Somo la mwezi huu ni la mkulima, mwanamume au mwanamke, anayefikiri kuomba kiti katika kamati ya zahanati ya kwao.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilichaguliwa katika kamati ya namna hiyo. Watu walinipa kura kwa kuwa nilisomea ualimu na ni karani wa ofisi ya kilimo. Hakuna aliyeniuliza nijuacho juu ya zahanati, nami sikujiuliza. Katika mkutano wa pili muuguzi alisema gesi ya friji ya chanjo yakaribia kwisha. Tuliandika neno hilo katika kumbukumbu, tukatia sahihi, tukaenda zetu. Hatukumtaja mtu wa kuinunua, wala siku. Gesi ikaisha. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Zikipata joto huharibika. Akina mama waliotembea toka alfajiri na watoto wa miezi tisa, umri wa chanjo ya kwanza ya surua, walirudishwa nyumbani. Mtoto mmoja wa jirani yangu alishikwa na surua kabla ya kuletwa tena. Alipona, lakini mama yake alikesha naye siku nyingi, nami nilijua kwamba sahihi yangu ilikuwa katika karatasi ile.

Basi tujifunze.

1. Jua kazi ya kiti. Tangu mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya mwaka 2010, zahanati za serikali zatunzwa na serikali za kaunti. Wauguzi wa serikali huajiriwa na kaunti, si na kamati. Kazi ya kamati ni kupanga matumizi pamoja na mkuu wa zahanati, kukagua hesabu, kuangalia majengo, maji na vyoo, na kupeleka mbele haja za watu. Sheria ya mwaka 2023 juu ya fedha za vituo vya afya yaagiza kwamba fedha zipatikanazo na kituo cha serikali zibaki katika kituo na kutumika hapo. Zikibaki hapo, lazima awepo wa kuuliza zimetumikaje.

2. Uliza njia ya kuchaguliwa. Taratibu za kaunti si sawa zote. Nenda kwa mkuu wa zahanati au msimamizi wa wadi, uulize nafasi zitakuwa wazi lini, nani apaswa kuchagua, na muda wa kiti ni miaka mingapi. Akina mama, msirudi nyuma. Katiba yataka watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma, na ninyi ndio mnaoijua njia ya zahanati kuliko wanaume.

3. Tembelea zahanati kabla ya kuomba kura. Omba ruhusa, uende kwa adabu. Tazama kadi ya dawa, ionyeshayo zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Tazama tangi la maji, choo, na karatasi ya friji ambapo joto huandikwa. Muulize muuguzi jambo limsumbualo zaidi. Usiende kama polisi. Yeye atakuwa mwenzako katika kazi.

4. Omba kura kwa maneno ya kweli. Usigawe sukari wala noti, kwa maana anunuaye kiti hutafuta kurudisha gharama yake, na mahali pa kuirudishia ni kabati la dawa. Usiahidi daktari wala gari la wagonjwa, vitu visivyo mkononi mwa kamati. Ahidi mambo machache uwezayo: kuhudhuria kila mkutano, kuuliza hesabu, na kuleta habari barazani.

5. Ukichaguliwa, usitie sahihi jambo lisilo na mwenyewe. Kila neno liandikwe pamoja na jina la mtendaji, siku ya kumaliza, na fedha zitakakotoka. Mkutano ufuatao uanze kwa kuuliza: lililoagizwa limefanyika?

6. Rudi kwa waliokutuma. Waeleze barazani zilizoingia, zilizotoka, na kilichokosekana. Mambo ya ugonjwa wa mtu ni siri. Hesabu ya fedha za umma si siri.

Kiti hiki hakina mshahara mnono, wala hakimfanyi mtu mkubwa. Lakini mama akifika asubuhi na kuikuta chanjo tayari, kamati imefanya kazi yake, hata asipoyajua majina yao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi:

(a) Ni nani walio katika kamati ya zahanati yenu, na walisema nanyi lini mara ya mwisho?
(b) Katika kisa cha friji, ni maneno gani matatu yaliyokosekana katika kumbukumbu?
(c) Mgombea aahidi kuwaletea daktari. Mtamjibuje?